Hamsini na Mbili Upande wa Kulia

Ukishuka kutoka hospitali kuelekea sokoni, pale ukuta wa gereji unapokata kona, kuna benchi la mbao lenye miguu mitatu ya chuma na mmoja wa matofali. Linakaa watu wanne wakibanana, watano wakipendana. Kivuli cha ukuta hulifunika mpaka karibu na adhuhuri, na kwa saa hizo wenyewe hulijaza. Yupo Injini, mwenye gereji, ambaye mikono yake imezishinda sabuni za kila aina. Yupo Hakimu, ambaye hajawahi kuhukumu hata ugomvi wa kuku, ila kwa miaka ishirini na sita alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kusimama mlangoni na kuita majina ya wenye kesi. Yupo Bomba pia, fundi bomba, mrefu, mpole, mfuko wa spana begani hata siku isiyo na kazi. Birika, muuza kahawa, yeye hakai. Husimama pembeni na jiko lake la mkaa, akimimina, akisikiliza, akiingilia pale anapoona mazungumzo yamepoa kuliko kahawa yake.

Asubuhi hiyo Bomba alikuja amechelewa, na mfukoni mwa shati alikuwa na karatasi.

Karatasi yenyewe alikuwa ameijua kwa siku tisa. Aliikuta kwenye droo ya cherehani ya mkewe, chini ya vibobini vya uzi, siku aliyokuwa akitafuta kichupa cha mafuta. Aliisoma akiwa amesimama. Jina la mkewe lilikuwa juu, umri wake, tarehe ya mwezi uliopita, kijipicha cheusi kama dirisha lenye mvuke, na chini yake mistari ya maneno ya kidaktari na tarakimu. Akaikunja, akairudisha, akafunga droo. Kesho yake akaifungua tena. Siku tisa alikuwa akiingia chumbani kama mwizi kuisoma karatasi ya mkewe mwenyewe, na siku tisa alikuwa akila naye, akicheka naye, akimwambia habari za mabomba ya watu, bila kupata pa kuanzia.

Leo ameitoa. Kipande cha juu chenye jina amekikunja nyuma, akakibana vizuri kwa ukucha.

— Hakimu, alisema akiketi, wewe ni msomi. Hebu nisomee hiki kitu. Ni cha mteja wangu mmoja.

— Mteja wa bomba anakupa karatasi ya hospitali? aliuliza Injini.

— Aliisahau jikoni kwake. Nataka kujua kama ni ya maana, nimrudishie haraka.

Hakimu alishavaa miwani. Karatasi yoyote iliyoandikwa humfanya anyooshe mgongo. Aliishika kwa mikono miwili, akakohoa kama anayetaka kuita jina la mshitakiwa.

— Hii ni eko, alitangaza. Ile mashine wanayokupaka mafuta kifuani, wanakuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti. Shemeji yangu alipimwa. Sasa, kwa mujibu wa karatasi hii… upande wa kushoto unasukuma sawa… ukuta umekuwa mnene kidogo… vali ya upande wa kulia inavuja kiasi… kasi ya uvujaji, tatu nukta tatu… mshipa mkubwa unanywea chini ya nusu… Eh. Hapa sasa. Presha ya upande wa kulia, kwa makadirio, hamsini na mbili.

Kijiwe hicho hakijui kimya kirefu.

— Hamsini na mbili ngapi? alisema Birika. Hamsini na mbili ya nini?

— Ya presha, alisema Injini.

— Basi huyo mtu ni maiti, alisema Hakimu, akivua miwani. Mimi presha yangu mia na thelathini na daktari anasema niko vizuri. Huyu hamsini na mbili? Hana hata nusu yangu. Mteja wako, Bomba, sikutishi, lakini ulipomwona mara ya mwisho alikuwa anatembea?

— Anatembea, alisema Bomba.

— Kwa kushika ukuta?

— Anatembea tu.

Na hapo hapo akakumbuka kwamba wiki mbili hizi mkewe amekuwa akitoka dukani na kusimama katikati ya kilima, akitazama nguo zilizoanikwa na jirani kana kwamba anazitaka.

— Hakimu, kaa kimya kwa yale usiyoyasomea, alisema Injini. Presha haipimwi hivyo. Tairi la gari dogo unalijaza thelathini. Ukiweka hamsini na mbili, limekakamaa, likipiga shimo moja linapasuka. Lakini lori? Lori ukiliwekea hamsini na mbili linalala chini. Sasa swali la kitaalamu ni hili, Bomba: huyo mteja wako ni gari dogo au lori?

Bomba alimwona mkewe akilini, kifua chembamba, mabega madogo ya mtu aliyeinamia cherehani maisha yake yote.

— Gari dogo, alisema.

— Basi imezidi, alisema Injini, akapiga goti lake kama aliyekwisha kutengeneza.

— Imepungua, alisema Hakimu.

— Imezidi!

— Mahakamani ungetoa ushahidi gani? Tairi?

Bomba hakupenda kubishana, lakini mambo ya presha yalikuwa shamba lake. Aliokota kijiti, akachora chini, kwenye vumbi, nyumba ya ghorofa na matangi mawili.

— Hebu ngojeni. Pampu inayopandisha maji mpaka tangi la juu kabisa, lazima iwe na nguvu. Hiyo ndiyo presha ya Hakimu, mia na thelathini, inasukuma damu mwili mzima, kichwa mpaka vidole vya miguu. Lakini pampu ya kupeleka maji chumba cha jirani, hapo hapo, haihitaji nguvu. Nadhani upande wa kulia ndiyo hiyo. Unapeleka damu kwenye mapafu tu, na mapafu yako pale pale. Kwa hiyo yenyewe inatakiwa iwe ndogo. Ukiikuta imepanda, maana yake mbele kuna kitu kinazuia. Bomba limeziba, au limebana, au tangi la mbele limejaa, halipokei.

Wote walimtazama. Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mmoja.

— Na pampu inayosukuma kwenye bomba lililoziba, Birika aliuliza polepole, mwisho wake inakuwaje?

Bomba alikifuta kile alichochora kwa kisigino.

— Inachoka, alisema.

Hapo Injini akaona pengo, akaingia.

— Mimi nawaambia ni simu. Watu wanatia simu mfuko wa shati. Ule mtetemo unahesabu mapigo, unaongeza yake. Kuna fundi redio mmoja alikuwa na simu tatu, siku moja moyo ulianza kwenda kwa mlio wa simu.

— Nani kakuambia?

— Mwenyewe.

— Alikwambia akiwa hai?

— Akiwa hai kabisa, ila kwa sauti ya chini.

— Si simu, alisema Hakimu. Sasa nawapa siri. Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto ni wa kazi. Upande wa kulia ni wa mambo usiyoyasema. Nimeona mahakamani miaka ishirini na sita: mtu anayeficha jambo, kifua chake cha kulia kinajaa. Anajishika hapa, hapa. Wenye makosa wote wanajishika kulia.

— Na wasio na makosa?

— Wao wanajishika mfuko.

Birika alicheka mpaka akamwagia jiko kahawa, mvuke ukapanda. Lakini na yeye alikuwa na lake.

— Kama vali inavuja, si anabadilishiwa washa, kile kipira cha ndani? Bomba, wewe unabadilisha washa kila siku. Unafunga maji, unatoa ya zamani, unatia mpya, unafungua.

— Na ukifunga maji ya mtu, anakaa wapi wakati unatafuta washa? aliuliza Hakimu.

— Anasubiri.

— Anasubiri wapi, Birika? Anasubiri wapi?

— Mwambieni huyo mteja asipande juu, aliendelea Injini, ambaye sasa alikuwa ameshachukua mteremko bila breki. Asipande kilima, asipande ghorofa. Huko juu hewa ni nyepesi, presha ya ndani inasukuma kwenda nje. Mpira ukiupandisha juu unafura. Siku atakayopanda kilima hiki cha hospitali, katikati, paa! Hata daktari atakuta nguo tu.

Kikombe mkononi mwa Bomba kiliinama. Kahawa ikamwagikia suruali, goti zima, na Bomba hakujifuta. Alikuwa anatazama kilima.

Injini aliona. Akamtazama Hakimu, Hakimu akamtazama Birika. Jambo likapita kati yao bila neno. Mteja gani? Karatasi imekunjwa juu. Bomba amekonda, amenyamaza wiki nzima, leo amechelewa. Karatasi ni yake mwenyewe.

Kuanzia hapo kijiwe kikageuka. Injini, aliyekuwa amekalia sehemu nzuri ya benchi, akainuka.

— Kaa hapa, kaka. Pana kivuli zaidi.

— Niko sawa.

— Kaa tu. Nipe huo mfuko wa spana, ni mzito.

Hakimu akaikunja karatasi taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili kama anayekabidhi cheti.

— Unajua, Bomba, hizi mashine hukosea. Mimi nimesema imepungua, huyu kasema imezidi. Zikikutana katikati, huyo… mteja wako… atakuwa mzima kabisa.

— Na ile habari ya kupasuka, alisema Injini, ilikuwa mfano. Mfano wa gari. Watu si magari.

— Gari halinywi kahawa, alisema Birika, akamjazia kikombe mpaka ukingoni.

Bomba alielewa walichoelewa, na hakuwa na nguvu ya kuwasahihisha. Aliona ni ajabu kupokea huruma isiyokuwa yake, kama mtu aliyepewa koti la mwingine na likamkaa.

Ndipo akaja mtu wa magodoro. Hakuna aliyemjua. Alikuwa amebeba godoro la watu wawili kichwani, limepinda mbele na nyuma, uso wake hauonekani mpaka alipolishusha na kuliegemeza ukutani. Aliomba kahawa, akaketi juu ya tofali, akapangusa jasho.

— Kuna msiba? aliuliza, maana watu wanne wazima walikuwa kimya wakitazama vikombe.

— Hapana, alisema Hakimu. Tuna karatasi ya moyo. Presha ya upande wa kulia ni hamsini na mbili. Tunachambua.

Akamweleza yote, kwa kirefu, kwa mujibu wa huyu na kwa mujibu wa yule. Matairi, matangi, simu, siri, washa. Mtu wa magodoro alisikiliza mpaka mwisho akiwa amekishika kikombe. Kisha akauliza, kwa upole tu, kama anayeuliza njia:

— Na mwenye huo moyo, anasemaje?

Injini alipangusa mikono kwenye suruali. Hakimu aliivaa miwani, akaivua. Wote wawili wakamgeukia Bomba, na Birika pia, birika likiwa limeinama hewani.

Siku tisa Bomba alikuwa ameisoma karatasi mpaka angeweza kuiandika upya kwa kichwa. Alijua tatu nukta tatu, alijua hamsini na mbili. Hakujua kama mkewe anaumwa.

Alisimama, akachukua mfuko wake wa spana kutoka begani kwa Injini.

— Si yangu, alisema. Ni ya Mama Pacha, mke wangu.

Akaondoka, na kahawa ikabaki imejaa pale benchini.

Nyumbani cherehani ilikuwa inalia. Aliisikia tangu uani: inakwenda, inasimama, inakwenda. Mkewe hushona sare za shule, na zamani mguu wake ukiingia kwenye kanyagio cherehani ilikuwa inakwenda kama mvua ya bati, bila kituo. Miezi hii Bomba alisikia inasimama, akadhani uzi unakatika. Yeye, ambaye huweka sikio kwenye ukuta wa mtu na kukwambia bomba linavuja chumba gani.

Aliingia. Mama Pacha alikuwa ameegemea meza kwa viwiko, mabega yanapanda na kushuka. Alipomwona mumewe akajinyoosha na kuvuta kitambaa.

— Umerudi mapema, Baba Pacha. Hakuna kazi?

Bomba aliiweka karatasi juu ya kitambaa, akaikunjua mpaka jina likaonekana.

— Nimeiona hii.

— Najua, alisema mkewe.

— Unajua?

— Siku ya kwanza uliikunja mara tatu. Mimi nilikuwa nimeikunja mara mbili.

— Mbona hukusema?

— Na wewe mbona hukusema?

Bomba alivuta kigoda, akaketi. Magoti yake marefu yakafika karibu na kifua. Akauliza lile ambalo lilimchukua siku tisa na mtu wa magodoro:

— Unajisikiaje?

Mama Pacha alitaka kucheka, kicheko kikamgeukia njiani. Akageuza uso dirishani. Alipoanza kusema, alisema yote. Kwamba tangu mvua zilipokwisha pumzi haimtoshi. Kwamba anapanda kilima kwa vituo. Kwamba usiku akilala chali anahisi kama mtu amemkalia, ndiyo maana ameanza kulalia mito miwili na kumdanganya kwamba ni shingo. Akavua kandambili akamwonyesha mguu: ukanda ulikuwa umeacha mfereji kwenye nyama. Kwamba alikwenda hospitali peke yake siku Bomba alipokuwa kwenye kazi ya shule, wakampima, wakamwambia arudi ndani ya wiki moja amwone daktari wa moyo. Hakurudi.

— Kwa nini?

— Niliogopa.

— Ungeniambia.

— Wewe? Ningekwambia moyo unavuja, ungenikagua vyumba vyote ukitafuta umevujia wapi. Usingelala. Ungekaa unanitazama kama unavyotazama geji ya presha.

— Sasa nimefanya hivyo hivyo, ila kwa kujificha.

— Nimekuona, alisema mkewe. Siku tisa unaniangalia kifua wakati nakula. Mtu mwingine angefurahi.

Wakacheka wote wawili, na katikati ya kicheko Mama Pacha akaishiwa pumzi, akashika meza, na Bomba akamshika mgongo, akasikia chini ya kiganja jinsi moyo unavyohangaika. Hakuhesabu. Alimshika tu mpaka pumzi ikatulia.

Asubuhi iliyofuata walipanda kilima cha hospitali pamoja. Walisimama mara nne, na mara zote nne Bomba alikuwa wa kwanza kusema amechoka.

Daktari wa moyo alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mwalimu wa chekechea na subira yake. Aliisoma karatasi kwa haraka, akaiweka kando, akaanza na mgonjwa: pumzi, mito, miguu, kikohozi. Alimpima presha ya mkono, ikawa juu sana. Alibonyeza mguu, akatazama shingo, akasikiliza mgongo kwa muda mrefu. Ndipo alipomgeukia Bomba, ambaye alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti.

— Baba, uliza. Naona utapasuka.

— Hamsini na mbili, alisema Bomba. Ni nyingi?

— Kawaida upande ule hauzidi thelathini na tano hivi. Kwa hiyo imepanda, ndiyo. Lakini sikiliza vizuri. Hatukuingiza kitu moyoni tukasoma. Ni makadirio. Kuna vali pale kulia inayovuja kidogo, na kwa watu wengi wazima inavuja. Tunapima damu inarudi kwa kasi gani pale inapovuja. Kasi hiyo ndiyo inatuambia nyuma yake kuna nguvu kiasi gani.

Bomba aliinuka nusu.

— Kumbe! Bomba lililotoboka. Ukiona maji yanaruka mpaka ukuta wa pili, unajua presha ni kubwa. Yakidondoka tu, ni ndogo.

Daktari alimtazama, kisha akamtazama Mama Pacha.

— Ni fundi bomba, alisema Mama Pacha. Utanisamehe.

— Hapana, amesema vizuri kuliko kitabu. Ni hivyo hivyo. Tatu nukta tatu unaizidisha kwa yenyewe, halafu mara nne, unapata arobaini na nne hivi. Juu yake tunaongeza nane, nayo tunaikisia kwa kutazama mshipa mkubwa unaoingia moyoni, kama unanywea sawasawa mtu akivuta pumzi kwa pua. Kwa hiyo ni kipimo pamoja na kisio. Kinaweza kukosea kwa kumi juu, au kumi chini. Ndiyo maana sitibu namba. Natibu huyu.

Akaeleza alichokiona. Presha ya mkono imekaa juu miaka bila dawa, ukuta wa kushoto umekakamaa, haupokei damu kwa urahisi, damu inajaa nyuma kwenye mapafu, na upande wa kulia unalazimika kusukuma kwenye foleni. Walipiga picha ya mapafu, wakapima damu, wakahakikisha hakuna damu iliyoganda. Akaandika vidonge vya presha na vya kutoa maji mwilini, akakataza chumvi, akamwambia Mama Pacha ajipime uzito kila asubuhi na kuandika.

— Rudini baada ya wiki sita, turudie eko. Isiposhuka, kuna kipimo cha kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, huo unasoma moja kwa moja, bila kukisia. Lakini tusikimbilie huko.

Wiki sita hizo Bomba hakwenda kijiweni zaidi ya mara mbili, na kwa kusimama tu. Alikuwa na kazi ya kuficha chumvi.

Siku ya kurudia kipimo, mpimaji alimruhusu kuingia. Chumba kilikuwa na giza kidogo na baridi. Mama Pacha alilala ubavu wa kushoto, mkono chini ya shavu, kama anavyolala siku zote. Mpimaji akampaka yale mafuta, akaweka kipimio chini ya titi, na kwenye kioo moyo ukatokea ukiwa kazini.

Bomba alisogea. Alitegemea kuona kitu kama pampu. Aliona vali mbili ndogo, nyembamba kama mabawa ya kipepeo, zikifunguka na kufunga, zikifunguka na kufunga, bila fundi, bila mafuta, bila kupumzishwa hata siku moja tangu kabla hajamjua. Miaka thelathini na moja amelala kando ya kitu hiki. Mpimaji akabonyeza, rangi zikajitokeza, nyekundu na samawati, na mkondo mwembamba ukaruka kinyume.

— Hapo ndipo inapovuja? aliuliza kwa kunong'ona.

— Hapo. Mama, nusa kwa nguvu. Haraka, kama mwenye mafua.

Mama Pacha alinusa. Mshipa mkubwa kwenye kioo ukanywea wote, kama mpira wa bustani uliofungiwa maji. Mpimaji alitikisa kichwa kwa kuridhika, akapiga mistari yake, akaandika.

Kasi ilikuwa mbili nukta tisa. Na kwa kuwa mshipa ulinywea wote, safari hii ziliongezwa tatu badala ya nane: kadirio jipya, thelathini na saba. Daktari alisema bado iko juu kidogo, dawa haziachwi, na watakuwa wakionana kila miezi michache. Lakini miguu ilikuwa imenywea, na mto mmoja ulikuwa umerudi kabatini.

Walishuka kilima polepole. Kwenye kona ya gereji wenyewe walikuwa benchini. Bomba alitaka kupita kwa upande wa pili wa barabara, maana alikuwa hajamwambia mkewe kwamba karatasi ile ilisomwa hadharani. Lakini Mama Pacha alishika njia ya benchi moja kwa moja, kwa hatua ndogo zisizosimama.

Injini alimwona kwanza. Aliruka kama aliyekalia msumari, akaanza kupangusa mbao kwa mkono ambao ungezichafua zaidi. Hakimu alivua kofia.

— Shemeji, karibu, karibu sana.

— Nasikia kwa Birika kwamba hapa mnaujua moyo wangu kuliko mimi, alisema Mama Pacha.

Injini alikuwa ameigeukia gereji yake kana kwamba anaiona mara ya kwanza.

— Nani alisema mimi ni gari dogo?

— Ni mimi, alisema Bomba nyuma yake.

— Afadhali. Na nani aliyesema nitapasuka kwenye kilima?

— Shemeji, ilikuwa mfano, alisema Injini kwa sauti ya chini kabisa. Naomba unisamehe. Mimi sijui hata upande gani ni wa kulia.

— Basi sogeeni, alisema. Nimetoka mbali.

Wakasogea. Watu wanne wakabanana, Mama Pacha katikati, Bomba ukingoni akiwa amekalia mbao kwa upande mmoja, mkononi kikombe alichomiminiwa na Birika. Hakimu akauliza kwa adabu ndefu kama vipimo vimekwenda salama. Mama Pacha akasema vimekwenda salama. Wakasubiri namba. Mama Pacha hakuitoa, akaomba kahawa.

Birika aliinua birika, akalitikisa, akalifunua, akachungulia. Uso ukamwanguka.

— Imekwisha, shemeji. Cha mwisho nimempa huyu bwana wako sasa hivi. Naweza kukoroga nyingine, ila mkaa…

Bomba alikitazama kikombe mkononi mwake. Alikuwa amekunywa nusu. Akakifuta ukingo kwa kidole gumba, akampa mkewe.

— Imepoa, alisema kwa aibu.

— Miaka thelathini na moja nakusubiri mezani wewe ukihangaika na mabomba ya watu, alisema Mama Pacha. Mimi cha moto nimekunywa lini?

Akakinywa chote, taratibu, wao wote wakimtazama.